Siku Tisa Katika Meko ya Siyu

Simu ilikuja baada ya Alasiri, siku ya Jumatano, nami nilikuwa nimesimama mbele ya jiko la gesi nikichemsha maziwa ya watoto. Aliyepiga ni jirani wa shangazi yangu huko Siyu, katika kisiwa cha Pate. Baada ya salamu ndefu, maana watu wa kule hawaanzi habari kwa habari, alisema kwa sauti ya chini kwamba shangazi ameungua mkono. Pindo la leso yake lilidaka moto alipokuwa akiepua chungu cha wali. Alhamdulillah jirani alikuwa ukumbini, akammwagia maji ya mtungi, na jeraha si kubwa. "Lakini mwanangu," akaongeza, "mato yake hayaoni tena, naye hataki mtu kuyajua."

Usiku ule ndugu zangu walikutana barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa. Shauri lilikatwa kabla ya chai kupoa: shangazi aletwe mjini, nyumba ya Siyu ifungwe, na ufunguo akabidhiwe jirani. Nikachaguliwa mimi kwenda kumchukua, kwa kuwa ati mwanamke humwelewa mwanamke mwenzake. Nilipewa nauli ya watu wawili kwenda, yaani mimi na binti yangu wa miaka 14 aliyekuwa likizoni, na nauli ya watu watatu kurudi. Hakuna aliyetaja nauli ya shangazi kurejea kwake, nami sikuuliza.

Sikuuliza, na huku shangazi huyu ndiye aliyenilea miaka mitatu mama yangu alipokuwa mgonjwa. Chakula cha kwanza nilichopika maishani nilikipika katika meko yake, nikakiunguza, naye akakila chote.

Safari ya kwenda Pate haina mkato. Basi liliondoka Mombasa alfajiri, likapita Malindi na Garsen na Witu, likasimama kwenye vizuizi vya askari hata binti yangu akaacha kuvihesabu, na mchana tukashukia Mokowe. Hapo mtu huacha nchi kavu akaingia chomboni kuvuka hadi Amu. Tulilala Amu usiku mmoja. Asubuhi nahodha wa boti ya Pate alitukalisha gatini akitazama maji, kwa sababu Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, haupitiki maji yakiwa yametoka. Mwenye haraka hufundishwa adabu pale. Maji yalipojaa tulipita katikati ya mikoko, kuku wa abiria mmoja wakilia ndani ya tenga, na mzee mmoja akamwonyesha binti yangu boriti zilizokatwa zikisubiri kupakiwa. Mtangawanda tulipanda pikipiki mbili. Ulikuwa mwezi wa Disemba, kaskazi imeanza kuvuma, na njia nzima ilikuwa vumbi jeupe.

Siyu ni mji mdogo wenye sifa kubwa. Ngome yake ya karne ya 19 ingali imesimama ukingoni mwa mkondo wa maji, na ukizunguka nyuma ya nyumba utakuta kuta za mawe za majumba ya zamani zimemezwa na miti. Watu wa Siyu walijulikana kwa kazi za mikono: viatu vya ngozi, milango ya kuchonga, na juu ya hayo yote, kunakili misahafu. Katika karne ya 18 na ya 19, waandishi wa hapa waliandika Qur'ani Tukufu kwa mkono, kurasa kwa kurasa, wakaipamba kwa nakshi za rangi. Ni jambo la kuajabia kwamba mahali ambapo leo mtu husubiri maji ya bahari ili afike, palikuwa na watu waliokaa mwezi baada ya mwezi wakinyoosha mstari mmoja wa wino. Ninalitaja hili kwa sababu shangazi yangu huliona kuwa ni habari ya jana tu. Akisuka mkeka akakosea, husema, "Hapa ni Siyu, hatuandiki ovyo."

Tulimkuta ukumbini, miguu ameinyoosha, ukili mrefu umejikunja kando yake. Nilipotoa salamu aliitikia kwa jina langu kabla sijamaliza kuitamka. Nikamwamkia na kumbusu mkono, ule usiokuwa na kitambaa. Akampapasa binti yangu usoni, mashavu, kidevu, kisha mabega. "Amekuwa mkubwa," akasema. "Ndoo mwanangu, ukae." Binti yangu alinitazama akidhani ameambiwa alete ndoo. Kiamu na Kipate huwatia wageni wengi katika makosa hayo.

Naomba nikueleze meko yale, msomaji, kwa maana ndiyo yaliyonitia katika mtihani.

Meko ya shangazi yako uani, chini ya kipaa cha makuti. Mafiga ni matatu, mawe meusi ambayo ninayajua tangu utoto. Kando ya mafiga pana mofa ya udongo ambayo zamani ilioka mikate ya mtama kila Ijumaa. Imepasuka ubavu, na sasa kuku ameifanya kiota. Ukutani, juu ya vigingi, vimetundikwa vyombo, na nilipoviangalia vizuri nikaona kwamba karibu kila kimoja kilitengenezwa katika nyumba ile au hatua hamsini kutoka hapo. Upawa wa kifuu. Kata ya kutekea maji, kifuu pia, lakini kikubwa na chenye mpini mrefu. Mwiko wa mti. Kifumbu cha kuchujia tui. Ungo. Kung'uto. Kawa za kufunikia sinia, moja yenye nakshi nyekundu imepauka. Kipepeo cha miyaa, ncha zake zimekwanguliwa na moto. Mbuzi ya kukunia nazi, kibao chake kimekuwa cheusi na laini kama ngozi kwa kukaliwa na wanawake wa vizazi viwili.

Halafu vipo vile ambavyo si vya asili wala si vya dukani. Kopo la maziwa lililotobolewa matundu kwa msumari kutoka ndani, likakunjuliwa na kupigiliwa kwenye ubao, ndilo la kukwangulia muhogo na tangawizi. Dumu la mafuta ya kupikia limekatwa mdomo, likawa bakuli la kuoshea mchele. Kichwa cha chupa ya plastiki ni mrija wa kutilia mafuta ya taa. Kikapu cha kuendea sokoni kimesukwa kwa mikanda ya plastiki ile inayofungiwa makatoni, na nakwambia ni imara kushinda kile nilichokuwa nacho mkononi, nilichokinunua kwa pesa nyingi. Huko Amu mwaka 2018 mafundi waliunda jahazi zima kwa taka za plastiki na malapa yaliyookotwa ufuoni, na dunia ikalitangaza. Shangazi aliposimuliwa habari hiyo aliuliza tu kama linavuja.

Asubuhi ya kwanza niliamka baada ya Alfajiri nikiwa na nia ya kumzuia asipike. Nikamkuta tayari ameketi juu ya mbuzi. Nikasema, "Shangazi, niachie mimi." Akasema, "Kaa, utazame. Umesahau."

Kwa hiyo nilikaa nikatazama, na niseme kweli, nilitazama kama mpelelezi. Nilitaka kuona wapi atakosea.

Aliikuna nazi kwa kuizungusha kifuuni, kidole gumba kikitangulia meno ya mbuzi kwa upana wa punje ya mtama, na kila mara alipofika karibu na ngozi nyeusi ya kifuu alijua kwa mlio. Nazi nyeupe hulia kwa wororo. Kifuu kikiguswa hukwaruza. Chicha zilianguka katika sinia. Akazitia katika kifumbu, akamimina maji ya vuguvugu, akaminya, akasokota kwa nguvu mpaka mkono wenye kitambaa ukatetemeka. Lile la kwanza, kasimile, aliliweka kando katika bakuli dogo. Akarudia maji mara ya pili na ya tatu kwa tui jepesi. Machicha yakaenda kwa kuku.

Mchele aliuosha mara tatu akiupima maji kwa kusikiliza: maji ya wanga, alisema, huanguka kwa uzito. Tui jepesi likatiwa chunguni kwa kipimo cha pingili moja ya kidole cha shahada juu ya mchele, pamoja na chumvi. Aliinamisha sikio. Tui likianza kuchemka lina sauti yake, na hapo ndipo lazima likorogwe lisije likakatika. Alikoroga. Wali ulipokauka alimwagia kasimile juu, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio. Kupalia makaa ni kuyachukua kutoka chini ya chungu na kuyaweka juu, na yeye aliyachukua kwa kipande cha bati kilichokunjwa, na leso yake, pindo lile lile au jingine, ilikuwa imening'inia kiganja kimoja tu kutoka motoni. Niliivuta nyuma bila ya kusema neno. Naye hakusema neno. Lakini alijua nimeivuta, nami nilijua kwamba amejua.

Samaki alikuwa changu, ameletwa na kijana wa jirani. Alimchanja ubavuni, akampaka kitunguu thomu, tangawizi, pilipili na chumvi iliyopondwa kinuni, akambanika. Mchuzi wa kupaka aliupika kando kwa tui zito na bizari kidogo, ukatokota mpaka ukawa mzito, mwisho ndimu. Kisha akaupaka kwa kipande cha kumbi la nazi kilichopondwa ncha mpaka kikawa kama brashi. Akageuza, akapaka, akageuza. Siku nyingi nimekuwa nikiwaambia wageni wangu Mombasa kwamba samaki wangu ni wa kupaka. Kumbe ninawapa samaki aliyemwagiwa mchuzi.

Aliyegundua ukweli wote ni binti yangu, wala hakuugundua jikoni. Aliugundua katika miyaa.

Mkeka huanza katika mkoma. Majani yake machanga hukatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa mpaka yakawa meupe, kisha yakachanwa kwa ukucha au sindano kuwa chane nyembamba. Za kupaka rangi huchemshwa. Zamani weusi ulitokana na mizizi ya mdaa, siku hizi wengi hununua rangi ya unga. Chane hufungwa vitita na kuwekwa katika kitambaa chenye unyevu zisikatike. Ndipo husukwa ukili, mrefu, pima baada ya pima, na ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka wa kulalia au msala wa kuswalia. Sehemu kubwa ya ubora imo katika ushoni usioonekana.

Binti yangu alikuwa akipanga vitita vile akaniita. "Mama, angalia. Vimefungwa mafundo." Kweli. Kila kitita kilikuwa na uzi, na uzi una fundo. Chane nyekundu fundo moja, za zambarau mawili, nyeusi matatu. Nyeupe hazikuwa na uzi. Shangazi alikuwa akisuka rangi kwa kuzihesabu kwa vidole.

Baada ya hapo tukaanza kuyaona mengine ambayo yalikuwapo machoni petu tangu tulipoingia. Kamba ya usumba iliyopita kutoka mlango wa ukumbi hadi mtungini, na kutoka mtungini hadi chooni, ambayo mimi niliidhania ni ya kuanikia nguo. Kopo la chumvi lenye kitambaa, kopo la sukari lisilo na kitambaa. Kokoto mbili kwenye kizingiti. Alikuwa ameiandika nyumba nzima upya kwa maandishi ya vidole, peke yake, bila ya kumwambia mtu. Ni kazi ya muda gani hiyo? Sisi tulikuwa tukimpigia simu kila Ijumaa na kumuuliza, "Hujambo, Shangazi?" naye akitujibu, "Sijambo."

Siku ya nne usiku nilimwambia nililotumwa. Nililisema kwa maneno mazuri. Nilitaja chumba chenye dirisha, nikataja daktari, nikataja watoto watakaofurahi. Alisikiliza huku akisuka, kwa kuwa usiku na mchana kwake si tofauti.

"Nilikuja kwako mwaka ule," akasema. "Unakumbuka nilikaa siku ngapi?"

Nilikumbuka. Siku kumi na moja. Tulimweka katika kochi mbele ya televisheni. Kila alipoinuka kuelekea jikoni, mmoja wetu alimrudisha: pumzika, Shangazi, wewe ni mgeni. Nazi tulikuwa tukizisaga kwa mashine ya umeme, au tulinunua tui la kopo. Siku ya tano aliniuliza kama nina kitu cha kuchambua, hata mchele, nikamwambia mchele wetu huja safi. Nilidhani ninamkirimu. Siku ya kumi na moja alisema kuku wake hawana mtu.

"Kwako mimi ni mtu wa kuwekewa sinia," akasema. "Hapa ninaweka sinia. Moto nitauzuia. Nipe siku mbili na huyu mtoto."

Siku mbili zile sitazisahau, na wala sikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Nilikuwa mletaji maji. Shangazi na binti yangu waliyazungushia mafiga ukuta. Walichukua vigae vya ile mofa iliyopasuka, baada ya kuku kuhamishwa kwa mabishano, wakavipanga nusu duara, wakavikandika kwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Ukuta ukafika magotini, ukiacha mlango mmoja wa kutilia kuni. Mtu akiketi upande wake, nguo haiwezi kufika motoni. Juu ya ukuta waligandamiza ukingo wa bati ili mkono uweze kuufuata bila ya kuungua.

Kisha wakaunda upawa mpya, wenye mpini mrefu maradufu. Shangazi alikichagua kifuu kwa kukigonga. Chenye mlio mzito alikikataa. Binti yangu alikikwangua kwa kigae cha chupa, nje na ndani, mpaka kikateleza. Matundu mawili yakatobolewa kwa msumari uliotiwa motoni, moja likabiliane na jingine, na kijiti kilichochongwa kikapitishwa yote mawili na kukazwa. Upawa wa kwanza ulipasuka. Wa pili uliinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Shangazi aliupapasa akasema, "Huu utateka." Mwisho walimshonea vazi la jikoni kutokana na leso kuukuu ya pamba nzito, lenye mikono ya kubana kwa mpira na lisilokuwa na pindo lolote la kuning'inia. Binti yangu, ambaye nyumbani ukimwambia ashone kifungo hukupa udhuru tatu, aliushona kwa mkono ukosi wake mara mbili kwa kuwa shangazi aliugusa akasema umepinda.

Nikaanza kufikiri nitakaporudi nitawaambia nini ndugu zangu. Moto umezuiliwa. Nilikwisha kuipanga hotuba yangu.

Siku ya saba alikuwa akimalizia msala wa bibi harusi mmoja wa Faza, uliokuwa uchukuliwe wiki ile. Mkeka mwema: uwanja mweupe, na ukingoni milia miwili, mwekundu ukifuatiwa na mweusi. Aliukunjua mbele yangu, akaulainisha kwa viganja vyake, akauliza, "Umekaaje?"

Niliutazama. Katika ukingo wa mbele, mahali panapokaa kipaji cha uso wakati wa kusujudu, mlia mweusi ulikuwa umekatika, na kwa urefu wa shibiri moja ulikuwa zambarau. Fundo la tatu la kitita kile lilikuwa limefunguka, yakabaki mawili, naye akakirejesha penye vitita vya zambarau. Au pengine lilikuwa la zambarau tangu mwanzo. Haijalishi.

Nikasema, "Umekaa vizuri, mashaallah."

Mungu anisamehe. Nilisema uongo juu ya msala.

Akapeleka uso wake upande wa binti yangu. "Na wewe waonaje?"

Binti yangu alinitazama, kisha akaangalia chini. "Bibi," akasema, "hapa pana zambarau pahali pa nyeusi." Akauchukua mkono wake na kuuweka pale.

Sikuwahi kumwona shangazi yangu akikaa na mikono mitupu kwa muda mrefu namna ile. Jogoo aliwika uani. Adhuhuri iliadhiniwa, nasi bado tumekaa. Nilitazamia atalia, lakini hakulia. Alivipitisha vidole vyake juu ya ile shibiri, akaenda akarudi, kana kwamba rangi inaweza kujitokeza ikisuguliwa.

"Wangapi nimewapa hivi?" akauliza. Hatukuwa na la kujibu. Wanunuzi wake wengi ni watu wa heshima. Wangeuchukua mkeka wakasema ahsante, wakaenda zao wakahurumia. Ni huruma hiyo iliyomuuma.

Tuliposwali na kurudi ukumbini alichukua wembe, akaanza kufumua ushoni wa ukingo. Alimwita binti yangu akae upande wa kulia. Kuanzia hapo mmoja alisuka na mwingine alimkabidhi chane akitaja rangi yake, na walifanya hivyo mpaka taa ilipowashwa. Bila ya kuinua kichwa akaniambia, "Moto nimeuzuia. Hili silizuii. Daktari wenu ni wa kutoa mtoto wa jicho?"

Nikamwambia kwamba ndiyo, kama ni mtoto wa jicho, na jirani aliyewahi kutibiwa aliniambia ule weupe wa mboni ndio huo. Ile lenzi ya jicho iliyofunga ukungu huondolewa na kuwekwa nyingine, jicho moja kwanza, na mgonjwa hurudi nyumbani kwake mara nyingi siku ile ile. Atatakiwa kutoinama na kutokaribia moshi kwa muda.

"Kwa muda," akarudia. Alitaka kulishika neno hilo vizuri.

Kisha akatoa masharti yake. Ataondoka pamoja nasi msala ukishakabidhiwa, si kabla. Ufunguo wa nyumba hataupa mtu, atauvaa shingoni. Jirani atalisha kuku kwa kupitia uani. Atachukua mbuzi yake na kifumbu chake, na Mombasa, kabla ya kwenda kwa daktari na baada ya kuruhusiwa, atapika yeye siku anayotaka. Tui la kopo hataki kulisikia. Na nauli ya kurudi ataishika mwenyewe, taslimu, tangu hapa Siyu.

Hapo nilitahayari, maana nilijua hesabu niliyopewa. Nilitoa ya kwangu, niliyokuwa nimeiweka ya kununulia kofia mbili za mkono kwa ajili ya wanangu. Wale kina dada wanaozidarizi barazani, tundu baada ya tundu kwa uzi mweupe, watanisamehe. Mmoja wao alikwisha nipimia kichwa kwa uzi kwa kukisia.

Msala ulikabidhiwa siku ya nane jioni. Aliyekuja kuuchukua aliugeuza huku na huku akatafuta cha kusema, akasema tu, "Subhanallah." Shangazi alimwambia shibiri moja ya ukingo imesukwa na mtoto wa Mombasa, ajue.

Siku ya tisa tulitoka baada ya Alfajiri kuwahi maji. Mbuzi ilifungwa nyuma ya pikipiki, miguu juu, na upawa wa mpini mrefu ulichomoza katika kikapu cha mikanda ya plastiki. Mtangawanda, tukingoja boti, shangazi aliketi juu ya furushi lake akaomba nimpe zile fedha. Alizihesabu noti moja moja kwa kupima ukubwa wake kidoleni, akazikunja, akaziweka katika pindo la leso. Pindo la kulia lilikuwa tayari lina fundo moja, la sadaka. La kushoto alilifunga, akalivuta, akalifunga tena, na tena. Binti yangu alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo.

"Matatu," akasema shangazi. "Fundo la tatu likaze wewe, vidole vyako vina nguvu."

Binti yangu akainama, akalikaza.